Mwenye Njia Ndiye Mwenye Habari: Somo la Kwihara

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu tunaanza na ngoma, mavazi, mapishi, ususi na utani wa makabila. Hayo yote ni sehemu ya utamaduni, wala sina nia ya kuyashusha hadhi. Lakini liko jambo jingine ambalo halina budi kuhesabiwa humo, nalo ni njia ambayo kwayo taifa hupata habari za walimwengu, na njia ambayo kwayo hujieleza kwa walimwengu. Watu wanaoambiwa na wengine kila siku nini kimetokea, nani mwema na nani mwovu, nani aliliwe na nani asiliwe, hatimaye huanza kujitazama wenyewe kwa macho ya hao wanaowaambia. Ngoma yao itaendelea kupigwa, lakini itapigwa kwa ajili ya kuwafurahisha wageni.

Katika makala haya nakusudia kutetea hoja moja. Ugomvi wa mataifa makubwa juu ya televisheni zao za kimataifa, pamoja na marufuku wanazopigana, si tamasha ambalo sisi tukae pembeni tukashangilia upande mmoja. Ugomvi huo umetufunulia kwamba njia ya habari inayofika majumbani mwetu si mali yetu, na kwamba mwenye nayo anaweza kuifunga wakati wowote bila ya kutuuliza. Dawa yake si kumlilia aliyefungiwa, wala si kumpigia makofi aliyefunga. Dawa ni kuwa na kituo chetu wenyewe cha kimataifa, kinachosema Kiswahili, kinachopita katika njia tunayoimiliki, na kinachoaminika kwa sababu kinasema kweli. Ili hoja hiyo ieleweke vizuri, tuanzie Kwihara.

Njia ya misafara na hongo yake

Kwihara ni kijiji kilicho kilomita chache kutoka Tabora mjini, katika nchi ya Unyanyembe. Wageni wengi wanaofika huko huenda kuitazama tembe aliyokaa David Livingstone mwaka 1872, ambayo sasa ni makumbusho. Lakini Kwihara haikuwa na maana kwa sababu ya mgeni huyo. Ilikuwa na maana kwa sababu ya njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, na hapo njia zikagawanyika: moja kuelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kuelekea Karagwe na Buganda. Nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Pembe za ndovu, na kwa aibu ya zama zile binadamu pia, walishuka pwani. Pamoja na mizigo hiyo zilisafiri habari. Hapakuwa na simu ya waya wala gazeti. Habari ya kifo, ya vita, ya bei na ya njaa ilitembea kwa miguu ya mpagazi wa Kinyamwezi.

Njia hiyo ilikuwa na hongo. Siku hizi neno hili tunalitumia kwa maana ya rushwa, lakini zamani za misafara hongo ilikuwa ushuru wa kupita, ambao kila mtemi aliutoza kwa haki ya kuwa mwenye nchi. Asiyelipa hakupita. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu waliojizoesha kupita bure, walimwondoa katika kiti chake na kumweka Mkasiwa. Hapo tunaona kwamba tangu hapo ugomvi haukuwa juu ya mizigo peke yake. Ulikuwa juu ya nani mwenye amri ya njia.

Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji. Alikuwa na madai yake ya ushuru na ugomvi wake na utawala wa Unyanyembe, na nguvu ya kuyasimamia alikuwa nayo. Mwezi wa Agosti mwaka ule aliishambulia Tabora yenyewe. Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara wakati huo, naye aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, wakashindwa. Humo Kwihara ulikuwamo mfuko wa barua za Livingstone, ulioandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulikuwa umechelewa pwani, kisha ukafika Unyanyembe, na vita vikaufungia hapo. Mtu aliyeandikiwa barua hizo alikuwa Ujiji akizingojea. Ilimbidi Stanley aizunguke nchi ya Mirambo kwa upande wa kusini ndipo azifikishe mwishoni mwa mwaka 1871.

Msomaji na atafakari jambo hilo. Livingstone hakuwa na ugomvi na Mirambo, wala Mirambo hakuwa na ugomvi na barua. Lakini njia ilipofungwa kwa sababu ya ugomvi wa wengine, asiyehusika alikosa barua zake. Hivyo ndivyo ilivyo kila njia iliyo mikononi mwa mwingine.

Liko na somo la pili. Katika maandishi yake ya kwanza, Stanley alimwonyesha Mirambo kuwa ni jambazi. Aprili 1876 wakakutana, wakachanjiana udugu wa damu, na tangu hapo Stanley akamsifu kuwa ni muungwana na jemadari wa kulinganishwa na Bonaparte. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahusiano yake na mwandishi. Mirambo hakuwa na gazeti la kumjibu New York Herald, na ulimwengu ukamjua kwa jinsi mgeni alivyopenda kumweleza, kwa ubaya kwanza, kwa uzuri baadaye. Sifa iliyotolewa kwa hiari ya mwingine inaweza pia kuondolewa kwa hiari yake.

Na la tatu. Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao waliupitisha mwili wa Livingstone Unyanyembe wakiupeleka pwani. Huko walimkuta Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike palepale, nao wakakataa. Habari kubwa kuliko zote za msafara wa mwaka ule ilibebwa mabegani na Waafrika, na uamuzi mgumu ulifanywa na Waafrika. Hata hivyo, habari hiyo ikaandikwa, ikachapwa na kuuzwa na wengine. Sisi tulikuwa miguu ya habari. Hatukuwa kinywa chake.

Siku moja ya Machi 2022

Sasa tuje katika zama zetu. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine. Tarehe 2 Machi Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matangazo ya RT, televisheni ya kimataifa inayogharimiwa na serikali ya Urusi tangu ilipoanzishwa mwaka 2005, pamoja na shirika la Sputnik. Sababu iliyotolewa ni kwamba vyombo hivyo ni zana za propaganda za vita. Tarehe 18 Machi, Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, nayo ikaifuta leseni ya RT.

Ulaya ina haki ya kutunga sheria zake ndani ya mipaka yake. Lakini tarehe ileile ya 2 Machi RT ilitoweka pia katika ving'amuzi vya DStv barani Afrika. Hakuna bunge la Afrika lililokaa na kuamua hivyo. Hakuna mahakama ya Dodoma, Nairobi wala Pretoria iliyotoa hukumu. Kampuni ya MultiChoice ilieleza kwamba msambazaji wa kimataifa wa chaneli hiyo ameacha kuileta kwa sababu ya vikwazo vya Ulaya. Kwa maneno mengine, amri iliyotolewa Brussels kwa ajili ya watu wa Ulaya ilitekelezwa sebuleni mwa mtu wa Tabora aliyelipia king'amuzi chake kwa fedha yake.

Na siku hiyohiyo, huko New York, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya vita hivyo. Kenya iliunga mkono azimio la kuilaumu Urusi. Tanzania na Uganda zilijizuia kupiga kura. Kila nchi ilitumia haki yake ya kuamua kwa akili yake. Basi serikali zetu ziliamua mambo tofauti juu ya vita, lakini juu ya nini watu wetu watazame, uamuzi ulikuwa mmoja, na haukutoka kwetu. Huo ndio uhuru wa bendera ambao wazee wetu walituonya juu yake: kiti ni chetu katika baraza, lakini njia ya habari ni ya mwingine.

Natamka wazi, ili asiwepo wa kunisingizia, kwamba siitetei RT. Televisheni iliyoambiwa na wakubwa wake isiite vita kwa jina la vita haistahili machozi ya mtu yeyote anayependa kweli. Laiti ingekuwa imefungiwa na sisi wenyewe, kwa sheria yetu, baada ya kusikilizwa na kuhukumiwa, ningekuwa na maneno mengine ya kusema. Ninacholalamikia ni kwamba tulifungiwa, na wengi wetu hata hatukutambua.

Hakuna aliye msafi

Wako watakaosema kwamba kufungia sauti ya mwingine ni tabia ya madikteta, na kwamba Ulaya ilifanya hivyo mara moja tu kwa shida ya vita. Kumbukumbu haikubaliani nao.

Tarehe 4 Februari 2021, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya vita hivyo, Ofcom iliifuta leseni ya CGTN, televisheni ya kimataifa ya dola ya China, kwa hoja kwamba mwenye leseni siye aliyekuwa na usemi juu ya matangazo, na kwamba sheria ya Uingereza hairuhusu kituo kilicho chini ya chama cha siasa. Siku chache baadaye China ikaifungia BBC World News. Februari 2022 Ujerumani ilikizuia kituo cha RT cha lugha ya Kijerumani. Siku ya pili yake Urusi ikaifunga ofisi ya Deutsche Welle mjini Moscow. Mwaka 2017 Saudi Arabia na wenzake watatu walipoikasirikia Qatar, mojawapo ya masharti yao ilikuwa Al Jazeera ifungwe. Mei 2024 Israeli ikazifunga ofisi za Al Jazeera nchini mwake. Kila mmoja anaita kituo chake sauti ya ukweli, na kituo cha mwenzake anakiita mdomo wa serikali. Nyani haoni kundule.

Wala tusijifanye kwamba jambo hili ni la Wazungu, Wachina na Waarabu peke yao. Oktoba 2014 Rwanda ilisimamisha matangazo ya BBC kwa Kinyarwanda kwa sababu ya filamu juu ya mauaji ya mwaka 1994. Mei 2018 Burundi ilizisimamisha BBC na Sauti ya Amerika, na Machi 2019 ikaifutia BBC leseni kabisa. Hapa kwetu, Agosti 2020, kanuni zilirekebishwa ili vituo vya nchini vinavyoshirikiana na vituo vya nje vipate kwanza kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano. Na watu wazima wanakumbuka kwamba Tanzania Bara ilikaa bila ya televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini mwanzoni. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba nchi maskini isinunue anasa ya wachache kabla ya maji na shule. Sababu hiyo ilikuwa na uzito wake. Lakini tulipofungua mlango baada ya miaka hiyo yote, tuliwakuta wengine wamekwisha kujenga nyumba, nasi tukaingia kama wapangaji.

Sisi tuliofungiwa zamani

Liko jambo ambalo vijana wetu hawafundishwi vya kutosha. Tanzania yenyewe ilikuwa na sauti ya dola ya kimataifa iliyopigwa marufuku na serikali za kigeni, na sauti hiyo ilikuwa fahari yetu.

Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilikuwa na Idhaa ya Nje. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa imewekwa Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na vyama vya ukombozi vilipewa nafasi katika mitambo yetu: FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, na wapiganaji wa Zimbabwe. Wareno, Makaburu na walowezi wa Salisbury hawakuipenda sauti hiyo. Katika Afrika Kusini kuisikiliza Radio Freedom ya ANC kulikuwa kosa la kumpeleka mtu gerezani. Watu waliisikiliza usiku, sauti imepunguzwa, mlango umefungwa.

Na kabla ya sisi kuwa na mitambo, Waafrika Mashariki waliisikiliza Cairo. Kuanzia mwaka 1954 redio ya Misri ilitangaza kwa Kiswahili, na Waswahili wenyewe, akiwamo Ahmed Rashad Ali wa Zanzibar, walisema humo maneno ambayo serikali ya kikoloni haikutaka yasemwe. Baada ya hapo idhaa za Kiswahili zikaota kama uyoga: BBC mwaka 1957, Peking mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962, Ujerumani mwaka 1963. Mataifa makubwa hayakujifunza Kiswahili kwa mapenzi ya methali zetu. Waliona kwamba anayesema na watu hawa kwa lugha yao atasikilizwa, nao hawakutaka kumwachia adui nafasi hiyo.

Kwa hiyo swali si kama chombo cha dola kinaweza kuwa na heshima. Kinaweza, maana chetu kilikuwa nayo. Swali ni: kwa nini Radio Tanzania iliaminika katika vijiji vya Msumbiji na mitaa ya Soweto? Jibu langu ni kwamba ilisema jambo ambalo msikilizaji alilijua katika mwili wake kuwa ni kweli. Kaburu alikuwa akisema Mwafrika anaridhika. Dar es Salaam ilikuwa ikisema haridhiki. Msikilizaji hakuhitaji mhakiki wa habari. Marufuku ya Kaburu haikufaulu kwa sababu ukweli ulikuwa upande wa waliopigwa marufuku. Na iwapo siku moja tutapata kituo cha kimataifa kinachosema yale ambayo mwananchi anayajua katika mwili wake kuwa si kweli, hatutahitaji adui wa kutufungia. Mtazamaji atatufunga mwenyewe kwa kidole chake.

Majibu kwa wapinzani

Wapinzani wa hoja hii ni wa namna tatu, nami nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema: mwongo kafungiwa, tushukuru. Huyu namwuliza: leo amefungiwa usiyempenda, kesho aliyefunga akimfungia unayempenda, utakuwa na haki gani ya kulalamika? Ulikwisha kumkabidhi ufunguo. Tena, mtu mzima wa Tabora aliyepiga kura tangu uhuru hahitaji kuchaguliwa uongo wa kutousikia. Wanyamwezi waliokuwa wakisikiliza habari za misafara kumi kwa mwezi walijua kuzipima: huyu ni mfanyabiashara, atapandisha bei, huyu ni askari, atajisifu, huyu ni mpagazi, atasema kweli juu ya njaa. Ustadi huo wa kupima habari ni sehemu ya utamaduni wetu, na unakufa pale tunapopewa habari zilizokwisha kutafuniwa.

Wa pili husema: aliyefungiwa na mabeberu ni rafiki yetu. Hii ni hesabu ya mtoto. Adui wa adui yako anaweza kuwa ni mfanyabiashara mwingine tu mwenye bidhaa zilezile. Kituo cha CGTN kilipofunguliwa Nairobi mwaka 2012, kikijulikana wakati ule kwa jina la CCTV Africa, kilituahidi kuitazama Afrika kwa macho mapya. Kimeonyesha reli na madaraja ambayo vituo vya London havikuwa na hamu nayo, na hilo ni jema. Lakini hakikuja kutafuta makosa ya makampuni ya Kichina barani Afrika, kama vile RT haikuja kutafuta makosa ya Moscow. Mwamba ngozi huvutia kwake. Hatuwezi kumlaumu kwa kuvutia kwake. Tutajilaumu wenyewe kwa kutokuwa na mkono katika ngozi hiyo.

Wa tatu ndiye mwenye hoja iliyo ya kisasa zaidi. Husema: mambo ya vituo na leseni yamepitwa na wakati, siku hizi iko intaneti, kila mtu ana simu, hakuna wa kufunga njia. Huyu amesahau upesi mno. Machi 2022 YouTube iliziondoa chaneli za vyombo vya dola ya Urusi duniani kote, si Ulaya peke yake. Septemba 2024 kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, iliipiga RT marufuku duniani kote. Makampuni mawili ya Marekani yaliamua, na amri ikafika Kwihara kwa dakika moja. Mirambo alihitaji majeshi ili aifunge njia ya Ujiji, na bado Stanley aliweza kuzunguka kusini. Njia ya leo haina kusini. Na ikiwa leo anafungiwa Mrusi kwa kosa analostahili, sisi tuna dhamana gani kwamba kesho hatafungiwa Mtanzania anayedai bei ya haki ya tumbaku ya Tabora au ya madini ya Kahama?

Sauti iliyozimwa na mwenye nayo

Iwapo bado yuko anayedhani kwamba tunaweza kuendelea kutegemea sauti za wengine, na alitazame jambo la Machi 2025. Sauti ya Amerika, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 60, haikufungiwa na Burundi wala na China. Ilizimwa na Marekani yenyewe. Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kulipunguza shirika linalozisimamia idhaa hizo, watangazaji wakapewa likizo ya lazima, na idhaa ya Kiswahili ikanyamaza. Wasikilizaji wa Goma, Kigoma na Bujumbura, waliozoea kupanga jioni yao kwa taarifa ile, hawakupewa hata kwaheri. Hakuna aliyewauliza, kwa sababu hawakuwa walipa kodi wa Marekani, na redio haikuwa yao.

Silaumu. Mwenye mali ana haki ya kuifunga mali yake. Ninasema tu kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hakuwa hata ndugu.

Tufanye nini

Kwanza, Shirika la Utangazaji Tanzania lipewe kazi, fedha na watu wa kuanzisha chaneli ya kimataifa ya habari kwa Kiswahili. Desemba 2018 shirika hilo lilianzisha Tanzania Safari Channel ili kuutangaza utalii. Ni hatua. Lakini taifa linalojieleza kwa ulimwengu kwa njia ya simba na twiga peke yake linaendelea kusema lile ambalo wageni walitaka kulisikia tangu siku za Stanley. Kiswahili kilikubaliwa na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika kuwa lugha rasmi mwaka 2019. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake mwaka 2021. Umoja wa Afrika ukakiingiza katika lugha zake za kazi mwaka 2022. Lugha imepewa viti vyote hivyo, na bado haina kituo chake kimoja cha televisheni cha dunia. Waandishi wa kituo hicho watoke Mombasa, Goma, Kampala, Bujumbura, Moroni na Muscat, kwa maana Kiswahili si mali ya Tanzania peke yake.

Pili, tumiliki njia. Tulipohama kutoka mfumo wa zamani wa matangazo na kuingia mfumo wa dijitali, kuanzia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, tulijenga mitambo kwa ubia. Katika kampuni ya Star Media, mshirika wetu kutoka China alichukua hisa 65 kwa mia, na TBC ikabaki na 35. Katika nyumba ya namna hiyo mwenye kiwanja ni mpangaji. Nchi za Afrika zilikwisha kuonyesha kwamba zinaweza kushirikiana: setilaiti ya RASCOM ilirushwa Desemba 2007 kwa ajili hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina sababu ya kushindwa kulifikiria jambo hilo upya kwa ajili ya matangazo yake. Na mitambo ya redio ya masafa mafupi, ambayo wengi wanaicheka kuwa ni ya kizamani, isitupwe, kwa maana haimhitaji msambazaji wa Ulaya.

Tatu, kituo hicho kilindwe kwa sheria dhidi ya mkubwa yeyote wa siku ile, awe waziri, awe mkuu wa mkoa, awe tajiri wa matangazo ya biashara. Hili silisemi kwa adabu ya kigeni. Nalisema kwa faida yetu. Uingereza ilipoifungia CGTN ilitumia hoja kwamba kituo kiko mikononi mwa chama. Chombo kisichoweza kumhoji kiongozi wake mwenyewe humpa adui kisu cha kukichinjia. Serikali inayotaka isikike nje haina budi kukubali kuulizwa ndani.

Nne, tusijibu marufuku kwa marufuku. Kituo cha kigeni kikisema uongo juu yetu, kijibiwe jioni ileile, kwa ushahidi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kukifungia ni kukiri kwamba hatuna jibu. Nchi iliyotoa mitambo yake kwa waliofungiwa vinywa kusini mwa Afrika haiwezi, bila ya kujikana, kuwa hodari wa kufunga vinywa.

Tano, tuanze na yaliyo ndani. Maktaba ya kanda za Radio Tanzania ni hazina ambayo taifa lolote lingeionea wivu: hotuba, taarabu, muziki wa dansi, ngoma za mikoa yote. Zihifadhiwe na zirushwe. Na tembe ya Kwihara isibaki kuwa chumba cha mgeni. Anayeingia humo akute pia habari ya Mnywa Sere na ushuru wake, ya Mirambo kwa maneno ya Wanyamwezi, ya Isike aliyekubali kufa mwaka 1893 kuliko kujisalimisha kwa Wajerumani, na ya wapagazi walioibeba Afrika ya Mashariki mabegani. Kituo cha kimataifa ambacho hakijui habari hizi kitakuwa na mitambo mipya na maneno ya kuazima.

Gharama itakuwa kubwa, nalikubali hilo. Lakini gharama ya kukaa kimya tunailipa kila mwezi tunapolipia ving'amuzi, na kila mwaka tunapowatafuta wataalamu wa kutusafishia jina nje. Hongo ya njia tunaitoa tayari. Tofauti ni kwamba wazee wetu wa Unyanyembe walikuwa wakiipokea, na sisi tunaitoa. Wizara zinazohusika, Bunge, vyuo vyetu vya uandishi na wasomi wa Kiswahili wana wajibu wa kulibeba jambo hili sasa, wakati ambapo wakubwa wanazimiana sauti na masikio ya watu milioni nyingi wanaosema Kiswahili yako wazi yakingoja kusikia.